Sababu zinakupita au zinapitia kwako?

Swali lililoletwa ni hili: "Kama kila kinachotokea kina sababu, na sababu hiyo nayo ina sababu yake, basi uamuzi wangu wa leo uliandaliwa kabla sijazaliwa. Nimesoma pia kwamba wanasayansi walipima ubongo wakakuta unaamua kabla mwenyewe hajajua. Niko njia panda: niendelee na masomo au niache? Kama jibu lilikwishapangwa, nijisumbulie nini kufikiri? Na huyu mwizi tunayemfunga, tunamlaumu kwa lipi?"

Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu kwa pumzi moja, na ndiyo maana yanakuelemea. La kwanza ni kama kufikiri kwako kuna kazi yoyote. La pili ni kama ungeweza kuamua vingine. La tatu ni kama kuna mtu anayestahili lawama. Majibu yake hayafanani. La kwanza lina jibu la uhakika, nalo ni ndiyo. La pili ndilo linalobishaniwa kwa dhati hadi leo. La tatu, kwa maoni yangu, linagawanyika: kuna lawama inayobaki na kuna lawama inayopaswa kuondoka. Naanza na lile linalokuuma leo.

Hoja ya "nijisumbulie nini" ni ya kale sana. Wagiriki waliiita hoja ya mvivu. Kama umeandikiwa kupona, utapona umwite tabibu usimwite. Kama umeandikiwa kufa, utakufa umwite usimwite. Basi kumwita tabibu ni kazi bure. Chrysippus, mwanafalsafa wa Kistoa wa karne ya 3 K.K., aliamini kwa moyo wote kwamba kila kitu kinafuata sababu zake, na hata hivyo aliikataa hoja hii. Alisema kupona hakupangwi peke yake, kukiwa kumening'inia hewani. Kama umepangiwa kupona, basi umepangiwa kupona kwa kumwita tabibu. Mwondoe tabibu kwenye mnyororo uone kama mwisho wa mnyororo utabaki ule ule.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa vitenzi viwili vinavyokaribiana: kupita na kupitia. Jaala, kwa maana ya mwisho uliowekwa ambao utafika ufanye usifanye, ni dai kwamba sababu zinakupita. Zinaizunguka akili yako kama maji yanavyolizunguka jiwe, kisha zinaendelea na safari upande wa pili. Udeterministi, yaani fundisho kwamba kila tukio linafuata kwa lazima kutokana na sababu zilizolitangulia, ni dai jingine kabisa: sababu zinapitia kwako. Kupima kwako faida na hasara, kumbukumbu ya mtihani uliokushinda, hofu ya kumvunja moyo mzazi, hayo yote ni pete za mnyororo wenyewe. Ukiacha kufikiri, jambo halitajiamua "kama lilivyopangwa". Utakuwa umeweka sababu nyingine mahali pa fikira, nayo ni kutofikiri, na itazaa yake.

Kipimo chake ni chepesi. Chukua tukio unaloliogopa, ujiulize: kama nisingelifikiria hata kidogo, lingetokea vilevile? Kwa kupatwa kwa jua, jibu ni ndiyo. Kwa uamuzi wa kubaki au kutobaki masomoni, jibu ni hapana. Hiyo inatosha kuiangusha hoja ya mvivu, hata kama udeterministi ni kweli kwa asilimia mia.

Wenye imani watauliza kuhusu elimu ya Mungu: kama anajua nitakachofanya kesho, si nimeshafungwa? Hilo ni ndugu wa swali lako, ila si lilo hilo. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, alilijadili gerezani mwanzoni mwa karne ya 6, na wanakalamu, yaani wanateolojia wa Kiislamu, walilijadili kwa kina, kuanzia Wamu'tazila waliotetea hiari ya mja hadi al-Ash'ari, aliyefariki karne ya 10, na fundisho lake kwamba Mungu huumba kitendo na mja hukichuma. Kosa moja la kimantiki la kuepuka ni kulihamisha neno "lazima". Kusema "ni lazima kwamba, Mungu akijua utasafiri, utasafiri" ni sahihi. Kusema "Mungu akijua utasafiri, basi utasafiri kwa lazima" ni dai jingine, na halitoki kwenye lile la kwanza. Mimi nikikuona umeketi, ni lazima uwe umeketi, vinginevyo nisingekuwa nimekuona hivyo. Lakini macho yangu hayakukufunga kitini.

Sasa udeterministi wenyewe. Maana yake sahihi ni hii: ukichukua hali nzima ya ulimwengu kwa nukta moja ya wakati, ukaongeza kanuni za maumbile, kuna mustakabali mmoja tu unaoweza kufuata. Laplace, mwanahisabati Mfaransa, aliupa sura yake maarufu mwaka 1814. Alitutaka tufikirie akili yenye kujua mahali pa kila chembe na kila nguvu inayoisukuma. Kwa akili hiyo, alisema, yajayo yangekuwa wazi mbele ya macho sawa na yaliyopita.

Mfano huo wa Laplace umewafanya wengi wadhani udeterministi ni sawa na kutabirika. Sivyo. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa, alikuwa akiendesha kwenye kompyuta mfano wa hali ya hewa wenye milinganyo isiyo na bahati nasibu hata chembe. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza namba kutoka karatasi iliyochapwa: 0.506. Ndani ya mashine namba ilikuwa 0.506127. Tofauti hiyo, ambayo hakuna kipimajoto cha kawaida kingeiona, ilitosha kuifanya hali ya hewa ya mara ya pili iachane kabisa na ile ya kwanza. Kila hatua ilikuwa imelazimishwa na iliyotangulia, na bado mtu asingeweza kutabiri. Kwa hiyo kutotabirika kwako hakuthibitishi kwamba u huru. Na kutabirika nako hakukufanyi mtumwa: rafiki anayejua kwamba ukikopa utarudisha hajakunyang'anya chochote, amekufahamu tu.

Je, udeterministi ni kweli? Hakuna aliyethibitisha, wala aliyekanusha. Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, inatupa matukio ambayo, kwa maelezo yanayofundishwa zaidi, hayana sababu iliyofichika ya kuyafanya yatokee saa hii badala ya saa ile. Iodini-131, inayotumiwa kutibu tezi ya shingoni, ina nusumaisha ya siku 8: weka atomu nyingi, baada ya siku 8 nusu yake itakuwa imeoza. Ukichagua atomu moja ukauliza itaoza lini, hakuna kanuni inayokujibu. Lakini wanafizikia David Bohm mwaka 1952, na Hugh Everett mwaka 1957, walitoa maelezo mengine ya nadharia hiyo hiyo ambayo ni ya kideterministi tangu mwanzo hadi mwisho. Vipimo vya maabara havijawatenganisha washindani hawa.

Hapa watu wengi hurukia neno: "Basi kama kuna bahati nasibu kwenye atomu, tuko huru!" Naomba upunguze mwendo, kwa sababu hili ndilo kosa linaloharibu mijadala mingi kuliko yote. Tuseme umekaa na fedha za jirani ulizookota, umefikiria, umeona kuzirudisha ndiyo haki, na tabia yako yote inaelekea huko. Kisha kwenye neva moja ya ubongo elektroni inaruka bila sababu yoyote, na mkono unazitia mfukoni. Umekuwa huru zaidi? Hicho kitendo si chako hata kidogo; ni ajali iliyotokea kichwani mwako. Bahati nasibu inaukata mnyororo, lakini haikukabidhi wewe ile ncha iliyokatika. Anayetaka uhuru uliojengwa juu ya kutokuwa na sababu anapaswa kueleza jinsi uamuzi unavyoweza kutosababishwa na kitu, na papo hapo ukawa wako.

Mwanafalsafa Robert Kane alijaribu kueleza hilo mwaka 1996, na jaribio lake ni bora kuliko mengi. Alisema tuangalie nyakati chache ambapo mtu amevutwa pande mbili na anajitahidi kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande wowote utakaoshinda, ni juhudi yake ndiyo iliyoshinda, kwa hiyo kitendo ni chake hata kama ushindi haukulazimishwa. Namheshimu kwa hilo. Linalonisumbua ni kwamba ukilinganisha watu wawili walio sawa katika kila kitu hadi nukta ya mwisho, mmoja akarudisha fedha na mwingine akazitia mfukoni, hakuna chochote ndani yao kinachoeleza tofauti hiyo. Na tunacholaumu, kwa kawaida, ni kitu kilichomo ndani ya mtu.

Kabla ya hoja ngumu, neno moja la lugha. "Sababu" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili. Sababu ya paa kuvuja ni tundu. Sababu ya wewe kuacha sigara ni kwamba unataka kuona wajukuu. Ya kwanza ni kisababishi. Ya pili ni hoja inayokuelekeza na kukutetea. Mtu akisema "kila kitendo kina sababu" kwa sauti ya huzuni, mara nyingi amechukua maana ya tundu na paa akaivika kwenye maana ya wajukuu. Donald Davidson alionyesha mwaka 1963 kwamba hoja ya mtu inaweza kuwa kisababishi cha kitendo chake vilevile. Ndivyo tunavyotofautisha hoja aliyokuwa nayo tu na hoja iliyomsukuma kweli. Sasa fikiria kinyume chake: vitendo visivyosababishwa na hoja zako. Hapo ndipo ungekuwa na haki ya kuogopa. Na kusababishwa si kulazimishwa. Aliyewekewa kisu shingoni amelazimishwa. Aliyeshawishika kwa hoja nzuri amesababishwa, na hakuna aliyemfunga mikono.

Hiyo ndiyo njia ya wapatanifu, wanaosema utashi huru na udeterministi vinaweza kuishi nyumba moja. Hobbes aliishika katika ubishi wake na Askofu Bramhall mwaka 1645, Hume akaieleza kwa ufasaha mwaka 1748. Katika uchunguzi wa maoni ya wanafalsafa uliofanywa na PhilPapers, tovuti ya maandiko ya falsafa, mwaka 2020, karibu asilimia 59 walielekea upande huo, karibu asilimia 19 walitetea utashi huru usiopatana na udeterministi, na karibu asilimia 11 walisema utashi huru haupo. Wingi wa kura haumalizi ubishi, lakini ni vizuri ujue kwamba msimamo unaodhani "sayansi imeulazimisha" ni wa wachache miongoni mwa wanaoifanya kazi hii kila siku.

Hoja kali kuliko zote dhidi ya wapatanifu ni ya Peter van Inwagen, aliyoikamilisha mwaka 1983. Ifuate taratibu. Huna uwezo wa kubadili hali ya ulimwengu ilivyokuwa kabla hujazaliwa. Huna uwezo wa kubadili kanuni za maumbile. Kama udeterministi ni kweli, hivyo viwili kwa pamoja vinalazimu kila utakachofanya leo. Na kama huna uwezo juu ya vitu fulani, huna uwezo pia juu ya kile kinachofuata kwa lazima kutokana navyo. Basi huna uwezo juu ya lolote unalofanya.

Hatua ya mwisho inaonekana haina tundu. Lakini mwaka 1996 Thomas McKay na David Johnson walilipata. Sarafu imelala mfukoni mwangu siku nzima. Ningeweza kuirusha, sikuirusha. Je, nilikuwa na uwezo juu ya jambo hili, kwamba sarafu haikuangukia kichwa? Hapana: ningeirusha, bahati ndiyo ingeamua. Kwamba haikuangukia mkia? Hapana vilevile. Lakini ukiyajumlisha yote mawili unapata tu kwamba sarafu haikurushwa, na juu ya hilo nilikuwa na uwezo wote. Kumbe kukosa uwezo juu ya hili na kukosa uwezo juu ya lile hakukupi kukosa uwezo juu ya yote mawili kwa pamoja. Van Inwagen alikubali kasoro hiyo, akaifunga kwa kubana maana ya "kutokuwa na uwezo". Hoja iliyorekebishwa bado inasimama, na yeyote anayekuambia imeshazikwa anakudanganya.

Mapambano yamehamia kwenye neno "uwezo", na hapa sarufi yetu inaonyesha tatizo kwa uwazi. Tunaposema "ningeweza kufanya vingine", ile -nge- inadai sharti: ningeweza kama nini? Jibu la kwanza la wapatanifu, alilolieleza G. E. Moore mwaka 1912, ni kwamba "ningeweza" ni kifupi cha "ningetaka, ningefanya". Ningeamua kuacha masomo, ningeacha; hakuna mlango uliofungwa. Udeterministi hauligusi hilo, kwa kuwa unasema tu kwamba sikutaka.

Jibu hilo ni zuri lakini ni fupi mno. Chukua mtu mwenye woga wa buibui uliopindukia. Ni kweli kwamba angetaka kumgusa angemgusa. Mkono wake ni mzima. Tatizo ni kwamba hawezi kutaka. Kipimo cha Moore kinasema anaweza, nasi tunaona wazi hawezi. Wapatanifu wa baadaye, hasa John Martin Fischer na Mark Ravizza mwaka 1998, wakahamisha kipimo: wakaacha kuuliza kama milango mingine ilikuwa wazi, wakauliza kama utaratibu ulioleta kitendo unasikia hoja. Badili hoja, uone kama kitendo kinabadilika. Aliyekula kipande cha mwisho cha keki kwa sababu tu alikipenda, ukimwambia mapema kina sumu, ataacha. Mwenye uraibu mkali, akijua dawa hiyo itamuua usiku huo huo, huenda bado akameza. Tofauti hiyo inapimika, ina viwango, na ipo hata kwenye ulimwengu wa kideterministi kwa sababu ni tofauti kati ya aina mbili za sababu zinazopitia kwa mtu.

Harry Frankfurt ndiye aliyeifungua njia hiyo mwaka 1969, kwa mfano unaofaa kuuangalia kwa karibu. Katika sura yake inayosimuliwa sana, mtu anafikiria kumpigia kura mgombea A au B. Bila yeye kujua, daktari mjanja amemtegea kifaa ubongoni: akionyesha dalili ya kuelekea B, kifaa kitamgeuza achague A. Mtu anafikiri, anachagua A kwa hoja zake, na kifaa hakiwaki kamwe. Hakuwa na njia nyingine. Lakini nani atasema kura si yake? Wakosoaji huuliza dalili hiyo ni nini hasa, kwani kama ni ya uhakika basi tumeshaingiza udeterministi kwa mlango wa nyuma, na kama si ya uhakika basi alikuwa na upenyo. Ni pingamizi halisi. Hata hivyo linaloonekana kwenye mfano halifutiki: tunapomwangalia mtu huyo, jicho letu linakwenda kwenye kilichofanya kazi ndani yake, wala haliendi kwenye mlango uliofungwa nyuma yake.

Tuje kwenye ubongo, kwa sababu naona ndipo ulipoangushiwa hofu. Jaribio unalolizungumzia ni la Benjamin Libet na wenzake, lililochapishwa mwaka 1983. Mshiriki aliketi na vipokezi vya umeme vimebandikwa kichwani, akitazama nukta ya mwanga ikizunguka kwenye uso wa saa, mzunguko mmoja kwa sekunde 2.56. Alitakiwa kukunja kifundo cha mkono wakati wowote apendao, kisha aseme nukta ilikuwa wapi alipohisi kwa mara ya kwanza hamu ya kukunja. Mkondo wa umeme wa maandalizi, ambao Kornhuber na Deecke walikwishauonyesha mwaka 1965, ulianza kupanda takriban milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea. Hamu iliripotiwa takriban milisekunde 200 kabla. Katikati kuna kama theluthi ya sekunde, na katika theluthi hiyo watu wamezika utashi huru.

Ukilichunguza, linapungua nguvu kila mahali unapoligusa. Mkondo ule hauonekani katika jaribio moja. Ni wastani wa marudio kama 40, uliopangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka mkono uliposogea. Kwa hiyo nyakati ambazo mkondo ulipanda na mkono usisogee hazikuingia kwenye hesabu. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando huo unaweza kutokea bila uamuzi wowote kuwa umefanyika. Umeme wa ubongo unapanda na kushuka wenyewe; ukiambiwa "sogeza wakati wowote" bila hoja ya kuchagua wakati, mpando mdogo wa bahati ndio utakaovuka kizingiti. Ukipanga matukio kwa kurudi nyuma, lazima uone mlima kabla ya kilele. Ile ripoti ya "nilihisi lini" nayo ni dhaifu: mwaka 2009 Banks na Isham waliweka mlio uliocheleweshwa kidogo baada ya kitufe kubonyezwa, na wakati ambao washiriki walidai ndipo walipoamua ukasogea mbele kufuata mlio. Hawakuwa wanasoma saa ya ndani. Walikuwa wanakisia baada ya tukio.

Kubwa zaidi, kukunja kifundo cha mkono si mfano wa uamuzi wako wa masomo. Uamuzi wa mshiriki ulifanyika alipokubali maelekezo. Kilichobaki ni kuchagua sekunde isiyo na faida kuliko nyingine. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake walilinganisha uchaguzi wa kubahatisha na uchaguzi wenye uzito, ambapo washiriki waliamua shirika lipi la hisani lipate mchango wa fedha halisi. Kwenye uchaguzi wa kubahatisha mkondo ulikuwepo. Kwenye ule wenye uzito ulikosekana au ulikuwa hafifu sana. Na ukikutana na habari ya jaribio la mwaka 2008 lililodai kutabiri chaguo sekunde 7 kabla, kwa mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, tafuta asilimia: usahihi ulikuwa kama 60, wakati kurusha sarafu kungekupa 50. Ubongo wako ulikuwa na mwelekeo kabla hujaamua. Hilo hata mama yako alikuwa analijua.

Hata kama maandalizi yote yangetangulia ufahamu, aliyeandaa ni nani? Ubongo huo umebeba kumbukumbu zako, upendo wako na mafunzo yako. Hofu inakuja pale tunapomfikiria "mimi" kama abiria mdogo anayeketi nyuma ya macho, na ubongo kama dereva wake asiye mtii. Abiria huyo hakupatikana kwenye jaribio lolote, na hatumhitaji.

Nimalizie na mwizi. Mwanafalsafa P. F. Strawson, mwaka 1962, alitutaka tuangalie kwanza jinsi tunavyosamehe kwa kweli. Mtu amekukanyaga mguu. Hasira inashuka ukijua alisukumwa, au hakukuona. Inashuka kwa namna nyingine ukijua ni mtoto mchanga, au mgonjwa aliyepagawa. Katika udhuru wote huo hakuna hata mmoja unaosema "kitendo chake kilikuwa na sababu". Bila shaka kilikuwa nazo. Tunachouliza ni kama sababu hizo zilionyesha dharau kwako, au hazikuonyesha.

Mwanawe, Galen Strawson, akaja mwaka 1994 na hoja ngumu zaidi, nami nadhani ana haki. Unatenda unavyotenda kwa sababu ya ulivyo. Ili uwe chanzo cha mwisho cha unachotenda, lazima uwe chanzo cha ulivyo. Ili ujifanye ulivyo, ulihitaji kuwa tayari na tabia ya kuchagua ulivyo. Nayo uliipata wapi? Mnyororo haufiki mwanzo. Hoja hii haihitaji udeterministi. Bahati nasibu haiiponyi. Maana yake ni kwamba hakuna binadamu anayestahili mateso kwa ajili ya mateso yenyewe, kana kwamba alijiumba.

Kinachobaki ni uwajibikaji wa aina nyingine, na ni mwingi. Kuna mwalimu wa jimbo la Virginia, Marekani, ambaye kisa chake kilichapishwa na madaktari wake mwaka 2003. Akiwa na miaka 40 alipatwa na matamanio haramu ya kingono ambayo hakuwa nayo kabla. Ikagunduliwa ana uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Ulipoondolewa, matamanio yakaisha; ulipoota tena, yakarudi; ulipoondolewa mara ya pili, yakaisha. Wakati wote alijua kwamba anachofanya ni kibaya. Kilichovunjika ni uwezo wa kujizuia. Ona hapo kasoro ya kanuni ya M'Naghten, ile ya mshtakiwa anayedai wazimu, iliyowekwa Uingereza mwaka 1843 na kurithiwa na mahakama nyingi, ambayo humuuliza mshtakiwa kama alijua asili ya kitendo chake au kama alijua ni kosa. Inapima kujua, lakini haipimi kujizuia. Mtu yule asingetolewa hatiani na kipimo hicho.

Kwa hiyo kwa mwizi wako uliza mambo mawili kabla ya kutoa hukumu. Je, alijua? Je, alikuwa anasikia hoja, yaani mlinzi angekuwa amesimama pale, angeacha? Kama yote ni ndiyo, anawajibika: unaweza kumdai arudishe, kumkemea ukitegemea ataelewa, kumzuia asirudie. Hayo yanafanya kazi hasa kwa sababu lawama ni sababu inayoweza kupitia kwake na kumbadilisha. Kama la pili ni hapana, kumkemea ni kuzungumza na ukuta, na anachohitaji ni tiba pamoja na ulinzi wa wengine. Katika hali zote mbili, kile kipande cha adhabu kinachoongezwa ili tu aumie hakina msingi.

Mwanafalsafa Derk Pereboom anakwenda mbali zaidi: anapendekeza tumshughulikie mhalifu kama mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza aliyewekwa karantini, bila lawama ya kustahili, na bila ukali unaozidi mahitaji ya usalama. Nakubaliana naye juu ya ukali. Ninapositasita ni kwamba karantini haisubiri kosa. Mwenye virusi hufungiwa kabla hajamwambukiza yeyote, na kwa mantiki hiyo kijana anayeonekana hatari angeweza kufungiwa kabla hajaiba chochote. Pereboom anajibu kwamba haki ya mtu ya kuishi maisha yake inaweka mpaka huo. Mimi naona mpaka huo unasimama vizuri zaidi tukiendelea kumchukulia kijana yule kama mtu ambaye hoja bado zinaweza kupitia kwake kati ya leo na siku tunayoiogopa.